Bwana Moyo Mkuu: Nguvu za Mwanamume ni za Nani?

Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya machifu, walimu na wazee



Nimeombwa niseme habari za tabia njema ya kiume iliyo ya Kikristo. Neno hili ni kubwa. Nikilisema kwa maneno matupu, ya kwamba mwanamume awe shujaa, awe mwaminifu, awe na subira, ninyi nyote mtaitikia "Naam," kisha mtakwenda zenu, na kabla ya kufika nyumbani mtakuwa mmekwisha sahau. Kwa hiyo sikuleta hesabu ya tabia, bali nimeleta mtu. Mtoto hajifunzi kulima kwa kuambiwa habari za jembe. Hujifunza kwa kumfuata baba yake shambani na kutazama jinsi anavyoinama.

Mtu nimletaye leo hakuzaliwa na mwanamke. Ni mtu wa kitabuni, na jina lake kwa Kiingereza ni Great-heart. Sisi tutamwita Bwana Moyo Mkuu. Najua ya kuwa yuko atakayeuliza: "Yawezekanaje mtu kujifunza tabia kwa mtu asiyekuwako?" Swali hili ni la haki, nami nitalijibu kwa swali. Bwana wetu Yesu alipoulizwa jirani ni nani, alitoa mfano wa Msamaria aliyemhurumia mtu aliyejeruhiwa njiani. Je, yuko Mkristo aliyepata kuuliza Msamaria yule alikuwa wa kijiji gani? Hapana, maana tumekwisha mjua kwa matendo yake. Nao babu zetu walitufundisha busara kwa hadithi za Sungura, wala hakuna aliyedai kwanza aonyeshwe tundu lake. Na ndugu zetu Waislamu walio pamoja nasi nawaomba wasikilize pasipo wasiwasi: kitabu ni cha Kikristo, lakini mnyonge yuko katika kila nyumba, na mwenye nguvu vile vile.

Sababu ya kulichagua jambo hili ni hii. Katika makabila mengi ya Afrika ya Mashariki kijana alikuwa akiingia jandoni, na huko alipewa kungwi, yaani mtu mzima wa kumwangalia na kumfunza. Yako mambo ya jandoni ambayo Wakristo waliyakataa, lakini wenye busara waliona ya kuwa kijana hawezi kuachwa pasipo mfunzi. Huko Masasi, Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa mahali pale tangu mwaka 1926 hata mwaka 1944, hakutaka kulifuta jando lote. Alilitia mafundisho ya Kikristo ndani yake, ili mtoto aendelee kuwa mtu wa kabila lake na huku awe mtu wa Kanisa. Siku hizi mahali pengi kijana hupelekwa hospitali, hutahiriwa, na siku ile ile hurudi nyumbani na dawa yake. Kidonda kitapona upesi, nasi twashukuru. Lakini ni nani aliyekaa naye akamwambia nguvu zake mpya ni za kazi gani? Asipoambiwa na mzee atakwenda kuambiwa na walevi barabarani, nao watamwambia ya kuwa nguvu ni za kuogopwa.

Basi tumtazame Moyo Mkuu kama kungwi, tuone yeye atamwambia nini.

Kwanza mjue habari za mwandishi. Kitabu hiki kiliandikwa na Mwingereza, jina lake John Bunyan. Alizaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford, naye alikuwa fundi wa kuziba masufuria kama baba yake. Alipokuwa kijana alikuwa askari katika vita vya Waingereza wenyewe kwa wenyewe. Baadaye akawa mhubiri, na kwa kuwa alihubiri pasipo ruhusa ya wakubwa wa nchi, alifungwa gerezani mwaka 1660 akakaa humo hata mwaka 1672. Nje alikuwa na mke na watoto, na mmoja wa watoto hao, binti jina lake Mary, alikuwa kipofu. Humo gerezani Bunyan alifanya kazi ya kutengeneza kamba za viatu, zikauzwa ili jamaa yake wapate chakula. Mtu wa namna hii, akiandika habari za wenye nguvu na wanyonge, hasemi mambo ya kusikia. Sehemu ya kwanza ya kitabu chake ilipigwa chapa mwaka 1678, na sehemu ya pili mwaka 1684. Kimegeuzwa kwa lugha nyingi sana za dunia, na wengi wenu mmekisoma kwa Kiswahili kwa jina la Safari ya Msafiri.

Sehemu ya kwanza yaeleza habari za mtu aitwaye Mkristo, aliyeuacha mji wake uliokuwa karibu kuangamia, akashika njia ya kwenda Mji wa Mbinguni. Watu wengi huisoma sehemu hiyo, kisha hukifunga kitabu. Moyo Mkuu hayumo humo. Yumo katika sehemu ya pili, ambamo Christiana, mke wa Mkristo, anaondoka naye kuifuata njia ile ile, pamoja na wanawe wanne na msichana jirani yake aitwaye Rehema. Hakuburutwa na mtu. Aliondoka kwa shauri lake mwenyewe. Njiani watu wawili wabaya waliwashambulia wanawake hawa, wakaokolewa na mtu aliyesikia kelele zao. Walipofika nyumba ya bwana mmoja aitwaye Mfasiri, bwana huyo alimwita mtumishi wake, akamwambia atwae upanga, chapeo na ngao, awasindikize wageni. Mtumishi huyo ndiye Moyo Mkuu.

Hapa tayari liko fundisho la kwanza. Moyo Mkuu ni mtumishi. Hakujifunga upanga kwa sababu alijiona hodari. Alitumwa, ndipo akautwaa. Wala hakutumwa kuteka nchi au kutafuta sifa. Alipewa wanawake wawili na watoto wanne, akaambiwa, awafikishe. Wako wanaume ambao wangeiona kazi hiyo kuwa ndogo. Yeye aliitika, akatangulia mbele.

La pili ni ushujaa wake. Njiani walikutana na jitu lenye rungu, lililokuwa likiwaharibu vijana wasafiri kwa maneno ya hila. Moyo Mkuu alikwenda kupambana nalo, na pigo la kwanza la jitu lile likampiga hata akaanguka kwa goti moja. Wanawake na watoto wakalia kwa sauti. Mwandishi hakuona haya kutuambia ya kuwa shujaa wake alipigwa akapiga goti. Akainuka, wakapigana kadiri ya saa moja hata wote wawili wakachoka, wakaketi kupumzika. Je, alifanya nini katika mapumziko yale? Hakujisifu wala hakutukana. Alisali. Wakarudia vita, akaliangusha jitu chini kabisa. Jitu likaomba lingojewe hata lisimame, naye Moyo Mkuu akalingoja kwa haki. Alipolingoja, jitu liliinuka na rungu lake, na nusura lipasue kichwa chake. Ndipo mwisho akalishinda.

Nataka vijana walifikiri sana jambo hilo. Kumwacha adui ainuke kulimletea hatari, naye akalifanya, kwa sababu kushinda kwa aibu hakukuwa kushinda kwake. Siku hizi tumesikia ya vijana kumi kumwangukia mtu mmoja aliyelala chini, kisha wakajiita wanaume. Na tena, fahamuni ni nani waliopigwa kwa upanga ule. Walikuwa majitu yanyang'anyayo na kuua wasafiri. Mkono wa Moyo Mkuu haukuinuka hata mara moja juu ya mtu aliyekabidhiwa kwake. Mwanamume ampigaye mkewe asijilinganishe na Moyo Mkuu. Na ajitafute katika kitabu kile upande wa majitu.

Lakini vita si sehemu kubwa ya kazi yake, nami sikumleta kwa sababu ya vita. Sehemu kubwa ni kuwangoja watu. Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Iko habari aliyoisimulia yeye mwenyewe njiani, ya mtu aliyemsindikiza zamani, jina lake Bwana Hofu. Mtu huyu alikuwa mzigo. Penye tope la mwanzo wa njia alikaa zaidi ya mwezi mmoja, akilia, hathubutu kuvuka wala hakubali kurudi. Penye mlango alisimama akitetemeka, akiwapisha wengine waingie kwanza. Alipofika nyumba ya Mfasiri, hakuthubutu kubisha hodi, akalala nje kwenye baridi. Basi Moyo Mkuu alitazama dirishani, akamwona mtu anayezunguka nje. Akatoka, akamwuliza yeye ni nani, akaona machozi machoni pake. Hakumkemea. Aliingia ndani akamwambia bwana wake, akatumwa tena nje kumsihi aingie, na kazi ya kumsihi ilikuwa ngumu. Akafuatana naye njia yote. Na mwisho wake ulikuwaje? Mtu yule hakuogopa kilima kigumu wala simba. Na katika soko la ubatili alikuwa tayari kupigana na watu wote wa sokoni. Hofu yake ilikuwa moja tu, ya kwamba huenda asipokelewe mwisho wa safari. Alipofika mtoni, maji yalikuwa yamepungua kuliko yalivyopata kuonekana, akavuka akalowa miguu tu. Moyo Mkuu angalimwita mwoga na kumwacha nje usiku ule, njia ingalipotewa na mtu mwaminifu.

Kisha kuna Bwana Mnyonge, ambaye Moyo Mkuu alimwokoa mikononi mwa jitu jingine. Mnyonge alikataa kufuatana nao. Alisema wao ni wenye nguvu, naye ni dhaifu, atawachelewesha, na mambo yasiyowasumbua wao yatamsumbua yeye. Angekuwa mtu mwingine angesema, "Vema, fuata polepole nyuma, tutakutana mbele." Moyo Mkuu alimjibu ya kuwa ameagizwa kuwatia moyo walio dhaifu; watamngoja, watamsaidia, na hata mambo mengine wanayoyapenda wao watayaacha kwa ajili yake. Wakiwa katika kusema hayo, akatokea mtu mwenye magongo ya kutembelea, naye akataka kumwazima Mnyonge gongo moja. Basi wakaenda wote, shujaa na mzee mwaminifu wakiwa mbele, mama na watoto katikati, na hao wawili wakija nyuma. Baadaye, ngome ya jitu liitwalo Kukata Tamaa ilipobomolewa, yule mwenye magongo alicheza ngoma kwa furaha, gongo moja mkononi, akicheza na binti aliyefunguliwa humo.

Ndugu zangu, pimeni mwendo wa kundi lile. Mtu hodari kuliko wote njiani alitembea kwa mwendo wa magongo. Angeweza kufika mapema, akapata sifa ya kufika kwanza. Lakini hakutumwa kufika, alitumwa kufikisha. Hii ndiyo tofauti ya uanaume wa kidunia na uanaume wa Kikristo. Mmoja huuliza, "Nimemwacha nani nyuma?" ili ajisifu. Mwingine huuliza neno lilo hilo ili arudi kumchukua.

Sasa tulilete jambo hili nyumbani, kwa maana hadithi isiyoingia nyumbani ni upepo.

Nianze na sisi waume. Tumeona njiani kwenda sokoni mume akitangulia, bakora mkononi, na mkewe nyuma ana mtoto mgongoni na mzigo kichwani. Ukimwuliza, atasema mwanamume hutangulia. Ni kweli, Moyo Mkuu naye alitangulia; lakini alitangulia kwa sababu hatari ilikuwa mbele. Leo hakuna simba katika njia ya sokoni. Taabu iko nyuma, juu ya kichwa cha mama yule. Basi mwanamume mwenye nguvu na arudi mahali penye taabu.

Ninyi walimu, katika kila darasa wako watoto watano waliokaa mbele, ambao hujibu kabla swali halijaisha. Kuwafundisha hao ni raha. Lakini yuko Bwana Hofu wa darasa lenu, aliyesimama nje ya mlango kwa kuwa amechelewa, au nguo yake imechanika, au ada haijalipwa, naye hathubutu kubisha. Nawaombeni mtazame dirishani. Huenda mtoto huyo akiingizwa leo kwa neno la upole, kesho hataogopa simba.

Nanyi machifu, ninasema kwa adabu. Penye baraza wako watu ambao sauti zao husikiwa mbali, na kesi zao husikilizwa asubuhi. Na pembeni yuko mjane aliyekuja kwa miguu kwa ajili ya shamba lake alilonyang'anywa na ndugu za marehemu mumewe. Yeye huwapisha wengine, kama Hofu alivyowapisha penye mlango, hata jua likazama, akaambiwa arudi juma lijalo. Nguvu za chifu hupimwa kwa mtu huyo. Kama yeye amefika, nchi yote imefika.

Na vijana mtaniuliza, "Je, sisi tusio na mke, wala darasa, wala baraza?" Kila kijana ana mtu aliye dhaifu kuliko yeye: bibi anayehitaji maji, ndugu mdogo anayeogopa kuvuka mto kwenda shule, mwenzake anayechekwa kwa kuwa mguu wake ni mfupi. Anzeni hapo. Asiyeweza kumngoja mdogo wake mtoni, siku atakapopewa kundi kubwa atalitawanya.

Limebaki neno moja, nalo ni zito. Mtu atasema, "Kama nikienda kwa mwendo wa wanyonge, mimi mwenyewe nitapata nini?" Kitabu kinajibu kwa kimya chake. Hapo mapema, walipofika penye nyumba ya kwanza ya kupumzikia, Moyo Mkuu aliwaaga, kwa kuwa bwana wake alikuwa amemtuma kufika hapo tu. Mtoto mdogo alimlilia asiondoke. Naye aliwapenda, lakini akarudi usiku ule ule, maana alikuwa chini ya amri; aliwaambia wangalimwomba bwana wake tangu mwanzo, wangalikubaliwa. Baadaye walipoomba, alitumwa tena, akaja na zawadi za chakula, hata tini na zabibu kwa watoto. Basi hakujipandisha cheo, wala hakulifanya kundi kuwa mali yake.

Na mwisho wa safari, penye mto ambao ng'ambo yake ni Mji wa Mbinguni, barua zinakuja moja moja za kuwaita wasafiri. Christiana anaitwa, naye Moyo Mkuu anafurahi kwa ajili yake. Mwenye magongo anaitwa, anayaacha magongo yake ukingoni. Mnyonge anaitwa. Yule binti mwenye hofu nyingi anaitwa, anavuka akiimba. Moyo Mkuu haitwi. Wa mwisho anayevuka, Bwana Imara, anampa maagizo ya kupeleka kwa mkewe na watoto wake watano wadogo aliowaacha nyuma, kwa maana ajua ya kuwa Moyo Mkuu atarudi nyumbani kwa bwana wake apate kuwaongoza wengine. Kitabu kinakwisha, naye shujaa yuko bado ng'ambo hii, pamoja nasi, na njia yake ni ya kurudi mwanzo.

Ndivyo alivyo mzazi, mwalimu na mzee wa kweli. Huwavusha watu, kisha hurudi kuchukua wengine. Hatimaye naye ataitwa, lakini hahesabu siku.

Basi nawaombeni jambo moja dogo, liwezekanalo. Kila mtu mzima aliye hapa na amchague kijana mmoja, wa ukoo wake au wa jirani, asiye na mfunzi. Akae naye, atembee naye, amwonyeshe kazi, amwambie ukweli kwa upole, na juu ya yote, amwache aone kwa macho yake mwanamume mwenye nguvu anavyowangoja wasio na nguvu. Moyo Mkuu hakuwako, hiyo ni kweli. Lakini kijana yule akikuona wewe, hatakuwa na haja ya kuuliza kama mtu wa namna hii aweza kuwako.

Haya ndiyo niliyoombwa kusema.